Kuvuna Joto la Jua na Kulilinda Lisitoroke



Kila mkulima anajua kwamba kuvuna ni kazi moja na kulinda ghala ni kazi nyingine. Mtu anaweza kuvuna magunia 20 ya mahindi. Lakini kama ghala lake limetobolewa na panya, baada ya miezi michache atakuta magunzi na vumbi tu. Joto la jua lina tabia hiyo hiyo. Kulikusanya ni rahisi. Kulizuia lisitoroke ndiyo kazi ngumu.

Katika somo hili tutajifunza juu ya utando mwembamba sana ambao wataalamu huuweka juu ya mabomba ya chuma. Utando huo hulipokea joto la jua, kisha hulizuia lisitoke. Kwa msaada wake, na kwa msaada wa vioo, jua huweza kupasha mafuta moto mpaka karibu nyuzi 400 za Sentigredi. Kumbuka kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Joto la nyuzi 400 linatosha kutoa mvuke wenye nguvu ya kuendesha mtambo wa umeme, bila kuchoma kuni, makaa ya mawe wala mafuta.

JARIBIO LA MAKOPO MAWILI

Kabla hatujaendelea, fanyeni jaribio hili darasani. Tafuteni makopo mawili ya bati yaliyo sawa, yenye vifuniko vya bati. Yaosheni na kuondoa karatasi na rangi mpaka yang'ae. Kopo moja lipakeni masizi ya chungu upande wa nje, pamoja na kifuniko chake. La pili liacheni liking'aa.

Sehemu ya kwanza: Jazeni makopo yote mawili maji ya mtungini, kiasi kilicho sawa. Yafunikeni na kuyaweka juani kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Kisha pimeni kwa kidole, au kwa kipimajoto kama mnacho. Maji ya kopo jeusi yatakuwa na moto zaidi. Kopo linalong'aa limerudisha mwanga mwingi wa jua, na kopo jeusi limeumeza.

Sehemu ya pili: Mwageni maji hayo. Jazeni makopo maji ya moto kutoka sufuria moja. Yafunikeni na kuyaweka kivulini, mahali pasipo na upepo, juu ya ubao. Baada ya nusu saa pimeni tena. Safari hii kopo jeusi ndilo litakalokuwa limepoa zaidi.

Je, mmeona ajabu hiyo? Kopo lililokuwa hodari wa kupokea joto ndilo lililo hodari wa kulipoteza. Mwaka 1804 mtaalamu wa Uskoti, John Leslie, alieleza jambo hili baada ya kupima sanduku la bati lililojaa maji ya moto. Upande mweusi wa sanduku ulitoa joto jingi, na upande uliong'aa ulitoa kidogo.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Tukipaka bomba rangi nyeusi ya kawaida, tumevuna vizuri, lakini ghala lina matundu.

JOTO LINATOROKAJE?

Ukisimama kando ya tanuri la matofali, uso wako huhisi moto ingawa hujaligusa. Joto hilo limekujia kwa njia ya mionzi. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, na mingi kati yake haionekani kwa macho. Kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha moto ndivyo mionzi yake inavyozidi, na huzidi upesi mno.

Tuangalie hesabu. Wakati wa mchana, anga likiwa safi, jua linaloangukia eneo la mita moja ya mraba lina nguvu ya wati 1,000 hivi. Hiyo ni sawa na balbu 10 za wati 100. Sasa chukua bamba jeusi la mita moja ya mraba. Likiwa na joto la nyuzi 100, upande wake mmoja hutoa mionzi ya wati 1,100 hivi. Likifika nyuzi 400, hutoa zaidi ya wati 11,000. Joto limepanda kutoka nyuzi 100 hadi 400, lakini mionzi inayotoroka imeongezeka mara 10.

Kwa hiyo bamba jeusi lililoachwa juani peke yake haliwezi kamwe kufika nyuzi 400. Linatoa mengi kuliko linavyopokea. Lazima kwanza tukusanye jua la eneo kubwa kwa vioo na kulielekeza mahali padogo. Lakini hata vioo vikiwepo, rangi nyeusi ya kawaida hutuibia sehemu kubwa ya mavuno.

UTANDO UNAOCHAGUA

Bahati njema ni kwamba mionzi ya jua na mionzi ya bomba la moto si ya aina moja. Yote husafiri kama mawimbi, lakini mawimbi ya jua ni mafupi, na yale ya bomba ni marefu.

Mawimbi haya ni madogo mno, hivyo hupimwa kwa nanometa. Gawanya milimita moja katika sehemu milioni moja. Sehemu moja ndiyo nanometa. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa nanometa 400 hadi 700, na karibu nguvu yote ya jua huja kwa mawimbi mafupi kuliko nanometa 2,500. Bomba la nyuzi 400 hutoa karibu mionzi yake yote kwa mawimbi marefu kuliko hapo.

Kuna kanuni moja ya kukumbuka, iliyoelezwa na Mjerumani Gustav Kirchhoff mwaka 1859. Kitu kisichomeza mionzi ya aina fulani hakiwezi pia kuitoa kwa wingi. Ndiyo maana kopo linalong'aa lilimeza kidogo na likatoa kidogo.

Basi kinachotakiwa ni kitu ambacho ni cheusi kwa mawimbi mafupi, ili kimeze jua, na wakati huo huo ni kama kioo kwa mawimbi marefu, ili kisitoe joto lake. Utando wa namna hiyo huitwa utando unaochagua.

Mara nyingi utando huu una tabaka tatu.

1. Tabaka la chini ni metali inayong'aa, kama vile shaba au molibdeni. Kazi yake ni kuwa kioo.

2. Tabaka la kati ni kauri, yaani kitu kigumu kama cha kikombe cha chai, ambayo ndani yake zimetawanywa chembe ndogo sana za metali. Chembe moja huwa na upana wa nanometa chache tu. Kazi ya tabaka hili ni kumeza jua.

3. Tabaka la juu ni kauri angavu isiyo na chembe. Kazi yake ni kuufungulia mwanga mlango, usigonge na kurudi.

Chembe hizo zinachaguaje? Fikiri juu ya matete yaliyoota mbele ya ukuta wa mawe kando ya ziwa. Viwimbi vidogo vikiingia katika matete hukatika na kufa humo humo. Wimbi kubwa hupita kati ya matete kana kwamba hayapo, likapiga ukuta na kurudi. Ndivyo ilivyo hapa. Mawimbi mafupi ya jua hufia katikati ya chembe na kugeuka joto. Mawimbi marefu hayazioni chembe. Hupita moja kwa moja mpaka kwenye metali ya chini, nayo huyarudisha kama kioo.

Tabaka zote tatu kwa pamoja mara nyingi hazifiki unene wa nanometa 500. Unywele mmoja ni mnene zaidi ya mara 100 kuliko utando huo.

UNATENGENEZWAJE?

Utando huu haupakwi kwa brashi. Bomba huwekwa katika chumba cha chuma, na hewa hunyonywa yote. Gesi kidogo huingizwa, kisha umeme huifanya gesi hiyo ipige bamba la metali kwa nguvu. Vipande vidogo kabisa vya metali hubanduka na kutua juu ya bomba, kama vumbi la unga linavyotua juu ya kila kitu katika nyumba ya mashine ya kusaga. Mafundi wakiongeza gesi nyingine, kama oksijeni au naitrojeni, metali hugeuka kauri. Kwa kupima gesi na muda, huweka tabaka moja juu ya jingine.

Utando mzuri wa siku hizi humeza sehemu 95 hivi katika kila sehemu 100 za jua. Ukiwa na joto la nyuzi 400, hutoa sehemu 10 hivi tu katika kila 100 ambazo rangi nyeusi ya kawaida ingetoa.

Tazama faida yake. Katika mitambo mingi ya vioo vilivyopinda, kioo kina upana wa karibu mita 6, na bomba lina upana wa sentimita 7. Jua likiwa kali, kila mita moja ya urefu wa kioo hupokea kama wati 5,800. Bomba la rangi ya kawaida, likiwa na joto la nyuzi 400, lingepoteza kama wati 2,500 kwa kila mita. Hiyo ni zaidi ya gunia 2 katika kila magunia 5. Bomba lenye utando mzuri hupoteza kama wati 250 tu. Na asubuhi au jioni, jua linapopungua, bomba la rangi ya kawaida lingepoteza karibu mavuno yote.

SAFARI YA UJUZI HUU

Kukusanya jua kwa vioo si jambo geni katika Afrika. Mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman alijenga mtambo huko Maadi, karibu na Cairo, nchini Misri. Vioo vyake virefu vilichemsha maji, na mvuke ukaendesha pampu ya kuvuta maji ya mto Nile kumwagilia mashamba. Wakati huo utando unaochagua haukuwapo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 kazi ilikatika, na baadaye mafuta ya bei nafuu yakafanya watu wausahau mpango huo.

Mwaka 1955 mtaalamu Harry Tabor, aliyekuwa akifanya kazi Israeli, alieleza katika mkutano wa mjini Tucson, Marekani, jinsi ya kutengeneza uso mweusi unaomeza jua bila kutoa joto jingi. Ujuzi wake ulianza kutumika katika mitambo ya kupasha maji moto juu ya paa.

Kati ya mwaka 1984 na 1990 ilijengwa mitambo 9 ya umeme wa joto la jua katika jangwa la Mojave, California. Jumla ya nguvu yake ilikuwa megawati 354. Baadhi yake ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 30.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, Yin Zhiqiang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, walitengeneza utando kwa kutumia alumini, metali ile ile ya sufuria zetu. Utando huo huwekwa katika mabomba ya vioo ya kupashia maji moto, ambayo leo yanauzwa duniani kote.

MFANO WA MOROKO

Hebu sasa tutazame mtambo mkubwa wa Afrika. Uko Ouarzazate, kusini mwa Moroko, ng'ambo ya milima ya Atlas, mahali penye jua kali na mawingu machache. Unaitwa Noor, neno la Kiarabu ambalo sisi tunalitamka nuru.

Sehemu ya kwanza, yenye megawati 160, ilifunguliwa mwaka 2016. Sehemu ya pili, yenye megawati 200, ilifuata mwaka 2018. Sehemu zote mbili zina safu ndefu za vioo vilivyopinda kama mtumbwi, vinavyogeuka polepole kulifuata jua. Katikati ya kila safu limepita bomba la chuma lenye utando. Bomba hilo limo ndani ya bomba jingine la kioo, na hewa iliyokuwa kati yake imenyonywa. Huu ni ujuzi ule ule wa chupa ya chai. Pasipo hewa, hakuna cha kuchukua joto na kulipeleka nje.

Mafuta maalumu hupita ndani ya bomba na kupata moto. Kisha huchemsha maji kuwa mvuke. Joto la ziada huhifadhiwa katika matangi makubwa ya chumvi iliyoyeyushwa. Hii si chumvi ya mboga, bali ni chumvi za naitreti, jamii moja na zile za mbolea. Jua likizama, joto la chumvi huendelea kutoa mvuke. Sehemu ya kwanza iliundwa kuendelea hivyo kwa saa 3 hivi, na ya pili kwa saa 7 hivi. Kwa hiyo taa za jioni huwaka kwa jua la mchana.

Mtambo wa tatu uko hapo hapo, lakini una mnara wa karibu mita 250. Vioo vingi huelekeza jua juu ya mnara huo, na chumvi hupata joto linalozidi nyuzi 550.

ADUI WA UTANDO

Utando mwembamba hivi una adui wengi.

Adui wa kwanza ni hewa. Kioo kikivunjika, oksijeni huingia na kuula utando ulio moto, kama kutu inavyokula jembe. Katika mitambo ya California, kuvunjika kwa vioo kulikuwa tatizo kubwa.

Adui wa pili ni joto lenyewe. Likizidi mno, chembe za metali huhama na kuungana kuwa kubwa. Matete yakifungana kuwa vichaka vichache, viwimbi hupita.

Adui wa tatu ni kupanuka na kusinyaa. Kila asubuhi bomba hupanuka na kila usiku husinyaa. Utando usioshika vizuri hupata nyufa.

Adui wa nne ni gesi ya hidrojeni. Hutoka katika mafuta yanayochakaa, hupenya chuma na kuijaza nafasi iliyokuwa tupu. Kisha huanza kubeba joto kulipeleka nje.

Juu ya minara hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mabomba yake huwa wazi katika hewa. Huko hutumika sana rangi nyeusi ngumu inayostahimili moto. Humeza jua vizuri, lakini hutoa joto jingi. Wataalamu wanajaribu nyuso zenye sindano ndogo sana zilizosimama kama miti ya msitu mnene, ili mwanga ukiingia usipate njia ya kutoka. Kazi iliyobaki ni kupata zile zitakazodumu kwa miaka mingi katika hewa yenye moto huo.

SISI TUNAHUSIKAJE?

Viwanda vingi vya chai vya Tanzania na Kenya hukausha majani kwa joto linalotokana na kuni. Joto linalotakiwa huko halifiki hata nusu ya lile la Ouarzazate. Kwa hiyo mabomba yenye utando yanaweza kupunguza kuni zinazochomwa. Lakini tuseme ukweli wote. Vioo hukusanya jua linalotoka moja kwa moja angani tu. Mawingu yakitanda, vioo havina cha kukusanya. Chai hustawi penye mvua na mawingu, hivyo jua haliwezi kuondoa kuni zote. Mahali pa jua kali na mvua chache ndipo penye faida zaidi.

Faida iliyo karibu nasi ni ya maji ya moto. Mabomba ya vioo ya kupashia maji yanauzwa mijini, na yanaweza kuifaa zahanati, kituo cha afya au shule ya bweni. Kamati inayotaka kununua iangalie mambo haya:

1. Tazameni ncha ya chini ya kila bomba la kioo. Kwa kawaida huwa na rangi ya fedha inayong'aa. Ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia, na bomba hilo limeharibika. Likataeni.

2. Msimimine maji baridi ndani ya bomba tupu lililokaa juani. Kioo kitapasuka. Jazeni maji asubuhi mapema au jioni.

3. Futeni vumbi kwa kitambaa laini. Utando wenyewe uko kati ya vioo viwili, hivyo haufutiki.

4. Msidanganywe na rangi. Kila bati jeusi si utando unaochagua. Muulizeni muuzaji bomba linaweza kupasha maji moto kiasi gani, na limehakikishwa kwa miaka mingapi.

Na anayetumia jiko la jua nyumbani atumie sufuria iliyopakwa weusi kwa nje, tena aifunike kwa kioo. Weusi huvuna, na kioo hulinda. Hatutafika nyuzi 400, lakini wali utaiva.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kauri: kitu kigumu kilichotokana na moto mkali, kama kikombe cha udongo mweupe.
Metali: jina la jumla la vitu kama chuma, shaba na alumini.
Mionzi: nguvu inayosafiri kutoka kwenye kitu, kama mwanga au joto la tanuri.
Nanometa: sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja.
Utando: tabaka jembamba linalofunika kitu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kopo jeusi lilipata moto haraka juani, lakini likapoa haraka kivulini?
2. Eleza kwa maneno yako kazi ya kila tabaka la utando.
3. Bomba moja hupoteza wati 2,500 kwa kila mita, na jingine hupoteza wati 250. Ikiwa kila bomba lina urefu wa mita 4, tofauti ya hasara ni wati ngapi?
4. Kwa nini bomba la chuma huzungushiwa bomba la kioo lisilo na hewa?
5. Katika kijiji chenu, ni kazi gani zinazotumia kuni nyingi? Zipi kati yake zinaweza kufanywa kwa joto la jua, na zipi haziwezi? Toeni sababu.